Ree ya kopa na bumu lililokwenda

Najua nimepotea, wiki ya tatu hii sijaandika kitu hapa. Semina zimebana, na asainmenti za makundi mnazijua wenyewe: kundi la watu saba, wanaofanya kazi wawili. Leo nilipanga niwape habari za kampeni za serikali ya wanafunzi, lakini kuna jambo limetokea chumbani kwetu usiku wa kuamkia Jumamosi, na mimi kwa kuwa ni mtu wa historia nikalifuata mpaka Marekani. Vumilieni, ni ndefu kidogo.

Saa nane za usiku jirani yangu wa kitanda cha juu akanitikisa. "Oya, mwanahistoria, amka. Mwanangu, nilikuwa na ree ya kopa!" Nikadhani anaota. Kumbe yuko macho kabisa, simu mkononi, jasho linamtoka. Alikuwa kwenye meza ya karata ya mtandaoni, mchezo unaitwa Omaha. Bumu lilikuwa limeingia Alhamisi. Mezani zilikuwa zimefunguliwa kopa nne, na yeye mkononi ana ree ya kopa, yaani ile A, kubwa kuliko kopa zote. Kwa akili za kawaida nani amshinde? Akaweka yote. Laki moja na themanini, ndiyo ilikuwa ya kula mpaka mwisho wa semista. Fungu lote akapewa mtu mwenye tisa na tano za kopa. Vikopa vya ajabu ajabu tu!

"Mashine imeniibia," akasema.

Haikumwibia, na hapo ndipo kisa kinapoanzia. Poka ambayo wengi tumeiona kwenye sinema ni Texas Hold'em. Unapewa karata 2 za siri, mezani zinafunguliwa 5 za wote, halafu unachanganya upendavyo kupata 5 bora. Ukitaka unatumia zako zote mbili, ukitaka moja, ukitaka usitumie hata moja. Omaha unapewa 4. Unaona raha, karata nyingi! Lakini sheria inakaza: lazima utumie 2 kamili kati ya 4 zako, na 3 kamili kati ya 5 za mezani. Si moja, si tatu. Mwenye ree ya kopa asiye na kopa nyingine mkononi, zile kopa nne za mezani anaziangalia tu kama mtu anayeangalia pilau la harusi ya jirani. Yule wa tisa na tano alikuwa nazo mbili. Akachukua.

(Kabla sijasahau: kopa, uru, shupaza, turufu, haya majina tunayotumia kila siku hosteli ni ya Kireno. Copas, ouros, espadas, trunfo. Wareno waliondoka pwani, karata zikabaki. Siku nyingine nitaandika juu ya hilo.)

Sasa swali lililoninyima usingizi siku mbili: nani alikaa akabuni mchezo wa namna hii, na kwa nini?

Poka yenyewe ilianza na karata chache kuliko tunavyodhani. Mwigizaji mmoja Mwingereza, Joe Cowell, katika kitabu chake cha mwaka 1844 anaeleza mchezo aliouona mwaka 1829 ndani ya meli ya mvuke iliyokuwa ikielekea New Orleans. Walitumia karata 20 tu. Watu wanne, tano tano, kasha limekwisha. Hakuna karata ya kubadilisha, hakuna ya mezani. Unachopewa ndicho hicho, kilichobaki ni ujasiri na uongo wa usoni. Baadaye wakahamia kasha zima la 52, ikaja ruhusa ya kutupa karata mbovu na kuchukua nyingine, halafu zikaja aina ambazo baadhi ya karata zinawekwa wazi. Kila hatua, mchezaji anaongezewa kitu cha kutumaini. Hili likumbukeni.

Hold'em inahusishwa na mji mdogo wa Robstown, Texas, mwanzoni mwa karne ya 20. Bunge la Texas lilipitisha azimio la kuutambua mji huo mwaka 2007 (wenzetu wana muda jamani). Las Vegas ulipelekwa mwaka 1963 na Felton McCorquodale, aliyejulikana kama Corky, kwenye kasino ya California Club. Mwaka 1970 yakaanza mashindano ya World Series of Poker pale Binion's Horseshoe.

Halafu mwaka 1976 likatokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mashindano yote hayo. Kijana wa hesabu anaitwa David Sklansky alitoa kijitabu, Hold'em Poker, akapanga karata mbili za kuanzia katika makundi, kutoka bora mpaka za kutupa. Ilikuwa inawezekana, kwa sababu ukiacha tofauti za kopa na shupaza zisizobadilisha thamani, kuna aina 169 tu za kuanzia. Mia moja sitini na tisa! Sisi tuliosoma tarehe zote za ukoloni kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita tunazimeza kwa wiki moja. Aliyekisoma alijua la kufanya: nyingi tupa, chache cheza. Ni kitu cha kuchosha kweli, na ndicho kilichokuwa kinaleta hela.

Sasa jiwekeni kwenye viatu vya kasino. Kasino haichezi poka na wewe, inakukata kidogo kwenye fungu au inakutoza kwa muda unaokaa. Meza ya watu waliotulia, wanaotupa karata na kusubiri, ina faida gani kwake? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu anaitwa Robert Turner alimwendea Bill Boyd pale Golden Nugget, Las Vegas, akiwa na mchezo wa karata nne. Boyd si mtu wa mchezo mchezo. Alikuwa mkuu wa chumba cha karata pale tangu mwaka 1946 na akaendelea mpaka 1988. Aliukubali, akauweka mezani kwa jina la Nugget Hold'em. Jina lililodumu ni Omaha, la mji ulioko Nebraska, lakini meza iliyouvumisha ni ile ya Las Vegas.

Haukuchukua muda kuingia kwenye mashindano makubwa. Mwaka 1984 Dewey Tomko, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa chekechea, alishinda mkufu wa mkononi wa World Series kwa Omaha. Nawataja kwa makusudi wenzangu wa ualimu mnaolalamika kila siku.

Kwa nini ulishika? Chukueni karata nne, ziiteni A, B, C na D. Ukizichukua mbili mbili unapata AB, AC, AD, BC, BD, CD. Jozi 6. Maana yake mtu wa Omaha ni kama ameshika mikono sita ya Hold'em kwa wakati mmoja. Meza ya watu sita kwenye Hold'em ina jozi 6 za siri. Kwenye Omaha ina jozi 36. Kila anayefungua karata zake anaona kitu. Kuna mfalme, kuna kopa mbili, kuna nane na tisa zinafuatana, atupe kwa nini? Hii ndiyo hoja yangu na mtanisahihisha kwenye maoni: Omaha umekaa kwa namna ya kumfanya mtu asitupe karata. Kwa hiyo mtu anayejifunza kuchagua karata za kuanzia anapambana na mchezo wenyewe kabla hajapambana na mtu yeyote mezani.

Na kuchagua kwenyewe ni kazi. Mikono inayowezekana ni 270,725. Hata ukiunganisha inayofanana kithamani inabaki 16,432. Ule ujanja wa Sklansky wa kuvimeza vyote kichwani umekufa hapo hapo. Inabidi uelewe, usikariri. (Kuna mhadhiri wetu angefurahi kusikia hivyo.)

Jumapili mchana tulikaa na jamaa yangu kitandani na kasha la karata lililochakaa, uru ya saba haipo tumeandika kwenye kipande cha daftari. Nikamuuliza: ukipewa ree zote nne, unafanyaje? Akacheka, akasema anauza mpaka godoro. Basi huo ni miongoni mwa mikono mibovu kuliko yote! Utatumia mbili tu, zile mbili nyingine zimekaa mkononi hazikusaidii, na hakuna ree nyingine kwenye kasha itakayokuja kukuongezea nguvu. Hata aina moja hutaipata, kwa sababu kila ree yako ni ya aina tofauti. Una ree mbili, na utabaki na ree mbili zako hizo mpaka Yesu arudi. Ukipewa tisa tatu ni ugonjwa huo huo, unayoisubiri kwenye kasha zima imebaki moja.

Karata nzuri za kuanzia ni zile ambazo zote nne zinafanya kazi pamoja. Ree mbili na wafalme wawili, mradi ziwe za aina mbili mbili, mfano ree na mfalme wa kopa, ree na mfalme wa shupaza, unahesabiwa kati ya mikono bora kabisa. Ree mbili na jeki na kumi kwa mtindo huo huo, hivyo hivyo. Halafu kuna zile ambazo mgeni anazidharau: jeki, kumi, tisa, nane. Hazina ukubwa, lakini zimeshikana mikono. Zile jozi 6 zote ni jozi za maana. Sasa weka mfalme, malkia, jeki na tatu. Unaona wakubwa watatu, unafurahi. Lakini ile tatu inaning'inia. Jozi za maana zimebaki 3, nusu ya mkono wako umekwenda na umelipa dau kamili.

Nilimwonyesha mfano mmoja mpaka akanyamaza. Una kumi, tisa, sita, tano. Mezani zimefunguliwa nane, saba, mbili. Karata gani zinakupa mfuatano? Nne zote nne. Tano zilizobaki tatu, sita tatu, tisa tatu, kumi tatu. Jeki zote nne. Jumla 20, kati ya 45 ambazo hujaziona, na zinakuja mbili. Karibu mara 70 kati ya 100 utapata mfuatano kabla ya mwisho. Kwenye Hold'em mtu anayesubiri mfuatano wa wazi pande zote ana karata 8 za kumwokoa, na anajiona ana bahati.

Ndiyo maana kwenye Omaha ree mbili si mungu. Hold'em, ree mbili dhidi ya wafalme wawili zinashinda zaidi ya mara 8 kati ya 10. Omaha, hata ule mkono wa ree mbili na wafalme wawili wa aina mbili, ukikutana na nane, saba, sita, tano za aina mbili, unashinda kama mara 6 kati ya 10 tu. Na ree mbili zenyewe hapa si adimu: Hold'em unazipata mara 1 kati ya 221, Omaha mara 1 kati ya 39 hivi. Wanazipata wote, na wote wanazipenda kuliko zinavyostahili.

Jambo jingine ambalo jamaa alikuwa halijui, na lingemla hata kama angekuwa na kopa mbili: jozi zikiwa 36 mezani, kitu cha wastani hakitoshi. Yule wa tisa na tano za kopa alishinda siku ile, lakini kwa mchezo wa muda mrefu naye ni mtu wa kufilisika, maana siku nyingine atakutana na mwenye malkia na sita za kopa. Wazoefu wanatafuta karata zinazoelekea kwenye kile kisichoshindika kabisa, siyo kinachopendeza.

Kuhusu dau nitapita haraka. Omaha mara nyingi unachezwa kwa kikomo cha fungu: huwezi kuweka zaidi ya kilichopo katikati. Inasikika kama huruma. Hesabuni: fungu ni shilingi 1,000, mmoja anaweka 1,000, mwenzake anafuata, ni 3,000. Raundi inayofuata vivyo hivyo, 9,000. Ya tatu, 27,000. Mlianza na hela ya chipsi kavu.

Cha kushangaza ni kwamba elimu ya karata za kuanzia ilichelewa kuwafikia watu. Doyle Brunson alipotoa kitabu chake maarufu cha Super/System mwaka 1978, Omaha haimo kabisa. Toleo la pili la mwaka 2005 ndilo lenye sura yake, aliyoiandika Lyle Berman. Bob Ciaffone aliandika juu ya Omaha tangu miaka ya 1980, Rolf Slotboom akatoa chake mwaka 2006, Jeff Hwang mwaka 2008. Lakini angalieni kilichotokea katikati: mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu (jina ni lake la kweli, msicheke), aliingia mashindano makuu kupitia mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akatoka na dola milioni 2.5. Dunia ikajaa mtandaoni. Wengi walijifunza Hold'em kwanza, wakahamia Omaha na akili ya Hold'em, ile ile ya ree ya kopa. Waliosoma mapema waliwakuta wamekaa wanasubiri kuliwa.

Usiku wa mwaka 2009 unaosimuliwa mpaka leo ni wa tarehe 21 Novemba, kwenye tovuti ya Full Tilt Poker. Patrik Antonius wa Finland dhidi ya mtu aliyejiita Isildur1, ambaye Januari 2011 alijitambulisha kuwa ni kijana wa Sweden, Viktor Blom. Blom ana tisa, nane, saba, sita. Mkono wa kitabuni! Antonius ana ree, wafalme wawili, na tatu, ile karata ya kuning'inia. Mezani: nne, tano, mbili. Hela zikaingia zote. Wazoefu wa hosteli watasema Blom ana nne, tano, sita, saba, nane, si mfuatano huo? Hapana! Huo unachukua tatu za mkononi, na ruhusa ni mbili. Alihitaji tatu, sita, saba au nane ije mezani. Antonius na ree yake na ile tatu ya kudharauliwa tayari ana ree, mbili, tatu, nne, tano. Ikaja tano, ikaja tisa, kwisha. Dola 1,356,946, fungu kubwa lililovunja rekodi zote za mtandaoni za wakati huo. Kwa hiyo hata nilivyowaambia juu ya karata inayoning'inia, siku moja moja inakuja kunicheka.

Siku 17 baadaye, tarehe 8 Desemba, Brian Hastings akamchukulia Blom huyo huyo kama dola milioni 4.2 ndani ya saa zipatazo 5. Baadaye ikajulikana kwamba Hastings na wenzake wawili, Brian Townsend na Cole South, walikuwa wamekaa pamoja wanachambua kumbukumbu za mikono ya Blom, nini anacheza, nini hatupi. Townsend akaadhibiwa na tovuti, kwa sababu kubadilishana kumbukumbu za namna ile kulikuwa kinyume na kanuni zao. Mimi nikisoma hivyo nilijisikia vibaya kidogo. Watatu wanasoma nyaraka, mmoja anacheza kwa moyo, na sisi wa historia tuko upande wa wanaosoma nyaraka.

Full Tilt na nyingine mbili zilifungiwa Marekani tarehe 15 Aprili 2011, na hela za wachezaji wa Full Tilt zilikwama muda mrefu. Miaka iliyofuata zikaja programu za kompyuta zinazokokotoa Omaha kuanzia karata ya kwanza. Na kwa kuwa wengi wanajifunza kutupa, siku hizi kuna meza za karata 5, ambazo ni jozi 10, na za karata 6, ambazo ni jozi 15. Mnaona wanavyofanya?

Turudi chumbani. Tulicheza kwa maharage, mimi nagawa, yeye anasema "nacheza" au "natupa". Mikono 40 ya kwanza alitaka kucheza 31. Nikampigia hesabu za jozi, kila mkono. Mikono 40 iliyofuata alicheza 12, analalamika kwamba mchezo hauna raha tena. Yale maharage tukayapika jioni.

Anakula kwetu mpaka bumu linalofuata, tumekubaliana watu wanne wa chumba, na zamu za kuosha vyombo ni zake. Ananidai pia nimsaidie muhtasari wa Maendeleo ya Kilimo. Nilimuuliza kama ameifuta ile programu kwenye simu. Akasema ameifuta. Jana usiku taa zikiwa zimezimwa niliona mwanga kitanda cha juu, nikamuuliza unafanya nini kaka. "Nahesabu tu jozi," akasema, "siweki hela."

Kesho saa mbili asubuhi nina semina na sijasoma hata ukurasa mmoja. Mwenye uru ya saba ya ziada atuletee, block ya pili, chumba cha mwisho kushoto.